Tulikuwa Watatu

Alhamisi, mwezi wa pili. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyonyesha wala kukatika. Nimefua mashuka ya wazee kutwa nzima na mikono bado inanuka moshi. Nimeisugua kwa sabuni, nikaisugua kwa ndimu, mpaka kwa siki. Wapi!

Sijaandika humu bloguni tangu Krismasi. Mnaopita mkasoma mtanisamehe, leo siandiki nipate wasomaji. Athumani, mume wangu, yuko kazini ghalani Birmingham na hatarudi mpaka usiku, na mimi nikikaa kimya zaidi ya hapa nitapasuka.

Kwa asiyenijua: mimi ni Zainabu, Zai kwa Waingereza, mzaliwa wa Tanga. Tuliishi Birmingham miaka mingi. Kiwanda cha magari cha Longbridge kilipofungwa na Athumani akabaki hana kazi, mimi nikapata ya kufua nguo katika nyumba ya kutunzia wazee, kijijini, ukiipita Longbridge kidogo tu. Kazi ilikuja na vyumba viwili vya kuishi, tukahama. Na huku kijijini mimi ni zimamoto.

Ndiyo, cheka tu. Shangazi zangu wa Newtown, kule Birmingham, walicheka mpaka wakakaa chini. "Zai, watu wanaukimbia moto, wewe unaukimbilia?"

Sisi si zimamoto wa kuajiriwa kama wale wa mjini. Ni watu wa kijiji waliojitolea, kila mtu na kazi yake, kila mtu na peja kiunoni, kile kidude cha kutuita. Ikilia, unaacha ulichoshika unakimbia kituoni. Geoff, mkuu wetu, ana bucha, na huacha nyama ya mteja kwenye mizani. Colin anapeleka barua. Ndiye dereva wetu na ndiye fundi wa gari. Neil anatengeneza matrekta kule mlimani. Wengine wapo, lakini mchana wanafanya kazi Birmingham. Mchana tunabaki wanne.

Na wanne ndiyo sheria. Gari halitoki na watu pungufu ya hapo. Wawili wanaingia ndani na mitungi ya hewa mgongoni, mmoja anashika pampu, mmoja anasimama nje kuwachunga walioingia. Geoff hutuambia kila siku ya mazoezi kwamba ukitoka na watatu, unaongeza maiti, hupunguzi. Nimeyasikia mpaka nikawa nayaigiza nyumbani kumchekesha Athumani.

Jumatatu mchana peja ikalia. Nilikuwa napanga taulo. Nikakimbia na ndara miguuni.

Peja haisemi moto uko wapi. Unajua ukishafika kituoni, mashine ikitoa karatasi. Geoff aliisoma, halafu akaisoma tena, halafu akatupatia tuisome wenyewe. Ilikuwa nyumba ya Joan.

Joan ni mama yake Neil. Alikuwa, niseme. Mjane, anakaa peke yake mwisho wa njia ya mashamba, na kila Jumapili ananiletea mayai mlangoni. Alikuwa akiniita "bab", kama wanavyoita watu wa Birmingham mtu wanayempenda. Tulipohamia, wakati nusu ya kijiji wananitazama kama mzigo ulioshushwa kituo kisicho chake, yeye alikuja na keki na kuniuliza kama Tanga kuna baridi.

Tulivaa upesi. Colin akawasha gari, likawaka palepale na kunguruma vizuri. Tukasimama mlangoni tukitazama barabara.

Neil hakuja.

Neil ndiye anayefika wa kwanza siku zote, nyumba yake inatazamana na kituo na barabara ya kutoka mlimani ni fupi. Geoff alimpigia simu, ikaita mpaka ikakatika. Kituo kikuu wakasema gari jingine limeshatoka upande wa Birmingham, lakini lina mwendo mrefu. Nikamfokea Geoff, mtu mzima yule, umri wa baba yangu mdogo. "Geoff, ni Joan!" Akanijibu bila kugeuka, "Najua ni nani, Zai." Alikuwa ameushika mlango wa gari. Colin kwenye usukani alikuwa akilia, analia waziwazi, na wala hajifuti.

Tukangoja. Moshi tulikuwa tunauona juu ya miti.

Mwishowe Geoff akasema, "Pandeni." Tukaondoka watatu, kinyume cha yote aliyotufundisha. Tulikuwa tumeshachelewa, na sheria nayo tumeivunja.

Tulipofika tukaona gari la Neil limepanda juu ya majani, mlango wazi. Hapo nikaelewa. Kule mlimani aliuona moshi, akalijua paa. Peja ikalia kiunoni mwake na yeye akajua inalilia nini. Hakukimbilia kituoni. Alikimbilia kwa mama yake.

Ningefanya hivyohivyo. Nani asingefanya?

Alikuwa ameingia mara mbili, koti limeloa maji kichwani, na mara zote mbili majirani wakamvuta nje. Mikono yake sitaki kuieleza. Tukaingia mimi na Geoff. Joan alikuwa ameanika nguo kwenye kiti mbele ya moto wa kuotea, wanavyofanya watu wote huku mvua isipoisha. Tulimkuta jikoni, sakafuni, karibu na mlango wa nyuma. Mengine nayaacha ndani ya nyumba ile.

Nje Neil alinishika ukosi kwa mikono ileile. "Mlikuwa wapi? Zai, mlikuwa wapi?"

Nikasema, "Gari lilikataa kuwaka."

Neno hilo sikulipanga. Lilitoka lenyewe, na najua lilikotoka. Kwetu mtu hapewi msiba mbichi. Mama yangu alipofariki, kaka yangu alinipigia akasema, "Mama hajisikii vizuri, jitahidi uje umwone." Nikakopa nauli, nikaenda soko la Bull Ring nikamnunulia viatu vya sufu vya kuvaa ndani na vidonge vya magoti. Njia nzima nafikiria nitakavyomvisha. Nafika Tanga, naona turubai na viti vya kukodi, na watu wananitazama mfuko ule mkononi. Viatu ninavyo mpaka leo, na kaka sijamsamehe mpaka leo. Kila mwaka anasema alifanya kwa huruma, na kila mwaka nakata simu.

Halafu tazama nilichofanya mimi.

Kufika Jumanne uongo wangu ulikuwa umeshazunguka kijiji. Neil, na bandeji zake, alisimama ndani ya baa akasema Colin amemuua mama yake, kwamba kazi yake moja ni kuhakikisha gari linawaka na hiyo moja imemshinda. Watu wakaamini, kwa nini wasiamini? Jumatano asubuhi mama mmoja alikataa kupokea barua mkononi mwa Colin. Alimfungia mlango akamwambia aiache chini. Mtu aliyempelekea barua tangu watoto wake wako tumboni.

Colin akaja mlango wa chumba cha kufulia, anachuruzika maji, mfuko wa barua begani. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza. "Acha hivyohivyo, Zai. Mimi naweza kulibeba. Neil hili lingine, la kweli, hawezi." Akaondoka. Colin si mtu wa maneno. Hayo kwake ni hotuba.

Nililia kwenye mashuka ya watu.

Usiku ule nilimpigia Mama Furaha, rafiki yangu wa Shard End, Birmingham, Mkongo wa Bukavu, mwanamke aliyezika wengi kuliko mimi niliowahi kuzika. Akasema, "Dada, ulifanya muzuri. Muntu iko na maumivu vile, hawamuambiake kweli yote siku moja. Colin amekubali kubeba? Basi umuache abebe. C'est tout, ni hivyo tu." Nilipokata simu nilijisikia vizuri kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Athumani yeye aliuliza swali moja tu. "Wakaguzi wa kuchunguza moto ule wanakuja lini?" Nikamwambia wiki ijayo. "Na Geoff atawadanganya?" Nikamwambia Geoff hawezi kudanganya hata uzito wa soseji. "Basi Neil atajua tu. Sasa chagua, asikie kwao au kwako." Akaendelea kula. Mume wangu ana tabia hiyo mbaya ya kuwa sahihi mdomo umejaa wali.

Kwa hiyo leo nilipotoka kazini nikaenda.

Neil alikuwa nyumbani kwa mama yake, kwenye majivu. Mikono hawezi kuitumia, anapekua kwa mguu. Aliniambia anatafuta birika la mama yake. Nikasimama pale na mwavuli wangu wa kijinga, maneno niliyoyapanga njia nzima yote yamekimbia.

Nikamwambia, "Neil, gari liliwaka. Liliwaka mara moja. Colin hana kosa, mimi ndiye niliyekudanganya."

Akauliza, "Basi mlikuwa mnangoja nini?"

Nikataka kusema. Haki ya Mungu nilitaka, lakini yote hayakutoka. Nikasema, "Tulikuwa watatu."

Akatazama mlimani. Akatazama barabara ya kituoni. Nilimwona anatuhesabu, midomo inacheza bila sauti: Geoff, Colin, Zai. Halafu akakaa kwenye kizingiti, taratibu, kama mzee anayeogopa kiti.

"Mlikuwa mnaningoja mimi."

Ningeweza kusema hapana hata hapo.

"Ndiyo," nikasema.

Akaniuliza kama mama yake angepona. Nikamwambia sijui, na ni kweli sijui, na hakuna neno nililolichukia maishani kama hilo. Sikumwambia kwamba mtu yeyote angefanya alivyofanya yeye. Nililipeleka, nikaona halitafaa, nikarudi nalo.

Mwisho akaniomba nimfungulie peja mkandani, kwa sababu vidole haviwezi. "Mpe Geoff," akasema. Nikaichukua. Nilirudi kwa miguu, mvua ileile.

Sasa ziko mbili hapa mezani, yangu na yake, karibu na kompyuta. Naziangalia. Kaka yangu angesema nimekuwa katili kama Mzungu. Mama Furaha sijui atasemaje. Nimefanya kwa ajili ya Colin au kwa ajili ya viatu vile vya sufu? Nimemwokoa mtu mmoja kwa kumzika mwingine, na sina hata uhakika kama

Zimelia. Zote mbili.

*

Nimerudi. Ulikuwa moto wa dohani tu, shamba la juu, umezimika na hakuna aliyeumia. Si huo ninaotaka kuuandika.

Nilipofika kituoni walikuwepo Geoff na Colin. Tulivaa. Gari likawaka. Wenzetu wa Birmingham walikuwa bado njiani, saa hizi barabara zote zimejaa. Watatu tena.

Mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia Neil. Alituona tukikimbia, dirisha lake linatazama kwetu. Alipanda kwenye gari akakaa mahali pake, akajaribu kufunga mkanda kwa viganja vilivyofungwa bandeji, ukamponyoka, akajaribu tena.

Geoff aliitazama mikono ile. "Shuka, Neil."

Nilidhani Neil atapiga kelele. Akashuka.

Lakini hakwenda. Alikuja akasimama nasi pale mlangoni, kati yangu na Colin, mikono myeupe imening'inia, akitazama barabara kama sisi. Colin hakusogea. Neil akamwambia, macho bado barabarani, "Limewaka mara moja." Colin akaitikia kwa kichwa. Geoff akapiga simu moja, akapiga nyingine. Injini inanguruma. Sisi tuliovaa tumeshavaa, na hakuna la kufanya. Ndani ya kungoja kule huwezi hata kukaa.

Nilimsikia Neil anapumua kwa mdomo. Akaniinamia, sauti ya chini kabisa.

"Jumatatu ilikuwa ndefu hivi?"

Nimeshadanganya wiki nzima, sikuwa na uongo mwingine.

"Ilikuwa ndefu zaidi," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akabaki amesimama pale nasi, mpaka taa za gari la mwenzetu wa nne zikatokea kwenye kona.