Sahihi ya Safari ya Masinde

Elburgon, Juni 1956

Mjukuu wangu Masinde, huko Makerere,

Nina miaka sabini na tatu. Nimezika mabwana watatu wa hii mashine ya kupasua mbao na bado nainua gogo. Unataka ruhusa uende ng'ambo miezi miwili, usome elimu ya akili za watu pamoja na wanafunzi wa nchi nyingi. Nilikataa, maana akili za watu nazijua bila kitabu.

Lakini baba yako, tangu atoke vita ya Burma, anachimba handaki nyuma ya nyumba. Jana alinivuta ndani: "Baba, inama." Nikainama.

Huko ng'ambo wako watoto wa askari wengine wa vita ile. Waulize wanafanya nini na baba zao.

Nimetia sahihi karatasi yako ya ruhusa. Mama yako Nekoye na Mwalimu Thuo waliniona, ndio mashahidi.

Babu yako,
Makokha