Sura Isiyo na cha Kushika

Jumatatu, 3 Juni 1974
Nimetwanga uwele, nimefua nguo za Neema. Jino la tatu linamwota, analia tu. Jioni Elia, baba yake, kachora tena kwa mkaa kwenye ukuta wa duka la kijiji. Jina haandiki. Watu wabahatishe, wakikosa anafuta. Leo Bwana Shamba: tumbo limetangulia, miguu ya kuku. Hata watoto walimtaja. Nilijivuna. Mume wangu huyo.

Jumatano, 5 Juni
Kamchora Mwalimu Halima, anayetufundisha kusoma darasa la watu wazima. Mwanya tu, mpana kama mlango wa zizi, na macho mawili juu yake. Watu wakapiga kelele, "Halima!" Mwenyewe akacheka, kashika kiuno. "Baba Neema, umenipatia kweli!"
Mwanya hauonekani kwa kupita tu. Kauangalia lini? Darasani sikusoma hata mstari. Nilikuwa naangalia mdomo wa mwalimu. Mzuri. Namchukia.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwomba Elia anichore mimi. Kajaribu kwenye ukuta wetu wa nyuma. Akafuta. Akajaribu, akafuta. Mara ya tatu akatupa mkaa.
"Mama Neema, sura yako haina cha kushika. Mtu namshika kitu kimoja, nakivuta. Wewe kila kitu kiko sawa."
Alidhani ananisifu. Miaka miwili kitanda kimoja, hana cha kushika! Nimempa ugali bila mboga.

Jumapili, 9 Juni
Nimefanya jambo. Wenzangu wakiwa kanisani nilichukua mkaa nikaenda dukani. Ule mwanya bado upo. Pembeni nikachora shingo, ndefu kama ya kanga aliyesikia nyoka, na masikio mawili. Imeuelekea mwanya. Ikafanana.
Walipotoka kanisani: "Elia! Elia huyo!" Kicheko. Mmoja akasema, "We Elia, utaingia humo usitoke!"
Mwalimu Halima akaja, akaona. Hakucheka. Akafuta kwa mtandio wake, mwanya na shingo pamoja. Niliona aibu. Elia akaangalia ukuta, akaangalia vidole vyangu. Vyeusi. Naogopa.

Jumatatu, 10 Juni
Hakunipiga. Asubuhi nilikuwa napepeta uwele, nimenuna. Akaja na mkaa.
"Usicheke. Kaa hivyo hivyo."
Nikazidi kununa. Kaniangalia mpaka kivuli kikahama. Hajawahi kuniangalia hivyo, hata siku ya harusi.
Kwenye ukuta wetu wa nyuma kachora mdomo wa chini tu. Umejitokeza kama ungo, kuku anaweza kutua. Mbaya. Lakini ni mimi, mimi wa wiki hii nzima.

Jumanne, 11 Juni
Upepo leo. Kesho nitawahi darasani, nimwombe radhi Mwalimu Halima kabla wengine hawajafika.
Nilitaka kuufuta ule mdomo. Neema akatambaa mpaka ukutani, kaweka kiganja juu yake.
"Mama," kasema.
Nimeuacha.