Simu Iliyomjulia Mama Hali

Kaka,

Leo sikuandikii salamu, na usinikasirikie.

Paa la jikoni limeacha kuvuja. Fundi cherehani amerudisha kiti tulichomwazima msibani, kimevunjika mguu, na anaapa alikichukua hivyohivyo.

Jana nesi wa majaribio ya dawa alikuja kuchukua simu waliyompa Mama. Kila asubuhi ilimwuliza, "Unajisikiaje leo?" naye akabonyeza kikatuni kinachocheka. Nesi alimsifu sana: hakuacha kujibu hata mara moja, na majibu yote mazuri. Nikamwuliza, je, miguu ilivyovimba? Na kule kutapika? Akaitazama simu. Humo hamna.

Nilimwambia Mama aseme ukweli, tena mara nyingi. Akanijibu, "Mwanangu, mtu anakujulia hali asubuhi na mapema, unamtupia matapishi? Kwanza unasema hujambo. Akitaka mengine, atauliza."

Haikuuliza. Kwa simu ile, Mama alikufa hajambo kabisa.

Nesi anasema kwa majibu mazuri kama yale, dawa sasa imepelekwa hospitali nyingine, ikiwemo ya huko kwenu. Nami nina barua yako: figo zako zimeanza kama za Mama, umeingia kwenye majaribio, umepewa simu, na hujambo kabisa.

Kaka, wewe ni mkubwa wangu, lakini nisikie. Simu ikikuuliza, kosa adabu.

Na mimi nijibu upesi. Usinisalimu. Anza na miguu.

Dadako