Cheti Ulichonituma Nikutafutie

Kwa kaka yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu ya miaka kumi na moja. Mimi mdogo wako ni mzima, ila macho yameanza kunigeuka. Siku hizi uzi nautia kwenye sindano kwa kubahatisha, na wateja wakinikuta nahangaika nawaambia nasubiri jua lipande. Natumaini kifua chako kimetulia, na kwamba huyo binti yetu ambaye sijamtia machoni anakula na kulala vizuri. Umeandika kuwa ana miaka mitano na ni mbishi. Hukuwa na haja ya kuniambia ni wa nani.

Barua yako ilinifikia kupitia sanduku la posta la shule, maana bado nawashonea sare. Mwalimu mkuu alinipa mkononi, nikaisoma nimesimama koridoni, watoto wakinipita huku na huku. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama mama hajambo. La pili, kama naweza kukutafutia cheti chako cha kuzaliwa, kwa kuwa bila hicho binti hapati chake, na bila chake hawamruhusu kufanya mtihani wa kuingia darasa la kwanza. Niwie radhi nikianza na hilo la pili. La kwanza nitalifikia, ila acha nijikaze kwanza.

Ofisi ya usajili siku hizi imehamishiwa nyuma ya zahanati, kwenye jengo lililokuwa ghala la saruji. Wanafungua Jumanne na Alhamisi tu. Ukikaa kwenye benchi lao unainuka na vumbi la kijivu nyuma ya nguo, hata mji mzima ukajua ulikotoka bila kukuuliza. Dirisha ni moja kwa kila kitu: vizazi, vifo, ndoa na viwanja. Anayekaa dirishani ni mama mmoja mnene tunayemwita Bi Mihuri, ambaye kazi yake ni kukwambia ulichosahau kuleta. Jumanne ya kwanza aliniambia sina barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nikamwambia mtaa wetu ulibomolewa. Akasema mtaa umebomolewa lakini mwenyekiti hajabomolewa, nenda kwake.

Kweli hajabomolewa. Yule mzee anaishi kwa mwanawe huko ng'ambo ya barabara mpya, na muhuri wa mtaa usiokuwepo bado anatembea nao mfukoni, umefungwa kwenye leso. Alinikaribisha, akaniuliza cheti ni cha nani. Nilipotaja jina lako alinitazama hadi nikashusha macho. Kisha akaandika barua, akapuliza muhuri, akagonga. Aliponisindikiza mlangoni aliniambia niwe mwangalifu na makaratasi, mwanangu, kwa sababu makaratasi hayana haya.

Alhamisi nikarudi. Bi Mihuri akaniambia daftari la mwaka wako limo kwenye yale yaliyolowa mafuriko yalipoingia ofisini, nije wiki nyingine. Kaka, nikuambie ukweli, nilifurahi. Nikawaza kwamba kama daftari limeoza nitakuandikia kuwa limeoza, nawe utatafuta njia nyingine huko uliko, na jambo litaisha. Kwa nini nilifurahi utajua sasa hivi.

Wiki iliyofuata daftari likapatikana. Msajili mwenyewe aliniita ndani, akanipa kiti. Ni binti mdogo, mgeni hapa, miwani mikubwa, mwenye adabu sana. Alikuwa ameyaanika madaftari yote yaliyolowa juu ya meza, akitenganisha kurasa moja moja kwa kisu cha kupakia siagi. Alinionyesha ukurasa wako. Umo, kaka. Jina lako, saa uliyozaliwa, kazi ya baba: fundi baiskeli. Chini kuna dole gumba la mama, dogo kama la mtoto, maana alikuwa na miaka kumi na saba. Na juu ya yote hayo umepita mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, na pembeni pameandikwa: amefariki, tazama daftari la vifo, kitabu cha nne, ukurasa wa tisini na moja.

Yule binti alinipa pole. Alidhani ndiyo kwanza nasikia. Akainuka mwenyewe kwenda kuleta kitabu cha nne, akakifungua mbele yangu ili tuone pamoja kama kuna makosa ya mwandishi. Hapakuwa na makosa. Jina ni lako. Sababu ya kifo: kuzama mtoni. Mwili: haukupatikana. Mtoa taarifa: dada wa marehemu. Na sahihi.

Akaitazama ile sahihi, akaitazama fomu niliyojaza asubuhi ile, akaviweka sambamba. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Dada, sasa huyu aliyekutumia barua ni nani?"

Nikamjibu, "Ni yeye."

Kaka yangu, mimi ndiye niliyekuandikisha kifo. Miaka sita iliyopita, nikiwa na akili zangu timamu, nilisimama mbele ya dirisha lile nikaapa kwamba umekufa. Sasa nisikilize hadi mwisho, kisha useme utakalo.

Ulipoondoka tulikaa miaka mitano bila neno lako. Ulikuwa umegombana na mama juu ya yule mwanamke uliyetaka kumwoa, ukatoka na begi moja, na mama akasema mwacheni, akishiba hasira atarudi. Hukurudi. Kisha wakaja watu wa mipango miji na kopo la rangi, wakachora alama ya msalaba kwenye kila ukuta wa mtaa wetu. Barabara inapita hapa. Wenye nyumba walitakiwa kwenda wenyewe ofisini, na hati na uso wao, wapewe kiwanja kingine. Muda ulikuwa siku tisini. Hati yetu unaijua, marehemu baba aliiandika kwa jina lako kwa sababu wewe ndiwe mwana wa kiume. Nilikwenda mara nne kueleza kwamba mwenye jina hayupo na hatujui aliko. Mara zote nne nikajibiwa kwamba hayupo siyo jibu. Awe yupo, aje atie sahihi. Awe amekufa, mama yake atamrithi na kutia dole. Asiyejulikana aliko hana dirisha.

Ilipobaki siku kumi na moja nikakuua. Nilichagua mto kwa sababu mto hauulizwi mwili. Nilimwambia mwenyekiti nimeletewa habari na msafiri, akaniandikia barua. Nadhani hakuniamini hata siku ile, lakini naye nyumba yake ilikuwa na msalaba ukutani, akajua ninachokitafuta.

Kosa langu kubwa si hilo. Ofisi ningeidanganya leo tena. Kosa ni kwamba mama ilibidi atie dole, na mama hakuwa mtu wa kutia dole kwenye uongo. Kama ningemwambia ni hila, angekataa, na kama angekubali angemweleza jirani kabla chai haijapoa. Kwa hiyo naye nilimwambia umekufa. Nilimkalisha kitandani, nikamshika mikono, nikamwambia.

Tulikaa matanga, kaka. Watu walikuja. Waliokuita mkorofi walikusifu. Mama hakulia sana, alikuwa anauliza. Kila siku swali moja jipya. Alikuwa na nani? Maji yalikuwa ya baridi? Aliita mtu? Nami nikawa namjibu. Nikamwambia ulikuwa na marafiki, mlikuwa mnacheka, ulitaka kumwokoa mwenzako, haikuchukua muda. Nilikuwa nashona huku natunga. Nilijitahidi uwe umekufa vizuri, maana ndicho pekee nilichoweza kumpa.

Kiwanja tukaahidiwa, hati itafuata. Nyumba ikabomolewa asubuhi moja, kabla ya saa nne hapakuwa na ukuta uliosimama. Tukapanga chumba kimoja karibu na kiwanda cha matofali kusubiri makaratasi.

Na miezi miwili baada ya matanga, barua yako ikaja.

Ndiyo, nilipata barua yako ya kwanza. Umeandika katika hii ya sasa kwamba uliwahi kuandika ukakosa jibu, ukajua bado tumekukasirikia. Hatukuwa tumekukasirikia. Niliipokea mimi, pale pale shuleni. Uliandika kwamba umeoa, kwamba mkeo ana mimba ya kwanza ya kukaa baada ya mbili kuharibika, na kwamba unamwomba mama radhi kabla mtoto hajazaliwa, usije ukamzaa katika laana. Uliandika nimsomee polepole. Niliisoma peke yangu, nikaikunja, nikaishonea ndani ya mto wa kulalia. Nilijiambia hati ikitoka tu, siku hiyo hiyo nitamsomea. Nikimsomea leo atapiga vigelegele hadi ofisini, tutanyang'anywa kiwanja, nami nitafungwa, na yeye atabaki na nani? Hesabu yangu ilikuwa ya miezi michache. Kila jioni nilimwona amekaa kwenye mkeka, amegeukia ukuta, na kichwa changu kilikuwa kwenye mto wenye sauti yako, na sikufungua mdomo.

Sasa nakujibu swali lako la kwanza. Mama alifariki, kaka. Pole sana, na unisamehe kwamba unalisoma katikati ya mambo mengine. Alianza na homa, ikashuka kifuani, zahanati wakampa dawa, siku ya nne hakuamka. Ilikuwa miezi minne baada ya barua yako. Hati ya kiwanja ilitoka siku kumi na tisa baada ya kumzika. Bi Mihuri alinikabidhi mwenyewe dirishani akaniambia bahati yako, wengine bado wanasubiri.

Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikujua nianze na mauti ipi. Mwaka ukipita, kunyamaza kunakuwa rahisi zaidi. Ukipita wa tano, unajiona kama hujafanya kitu. Hata ulipoandika safari hii kuomba cheti, nilikwenda ofisini nikitumaini kwamba daftari la vizazi na daftari la vifo hayajuani, kwamba nitakuchukulia cheti chako kimya kimya na utaendelea kuwa hai huko na marehemu huku. Nilikuwa bado nafanya hila.

Yule msajili alinisikiliza hadi saa ya chakula ikapita. Kisha aliniambia hawezi kulificha, na mimi sikumwomba alifiche. Akaniandikia maelezo yangu, nikatia sahihi ile ile. Amesema anayeweza kufuta mstari mwekundu ni hakimu peke yake, na mbele ya hakimu wanatakiwa watu watatu: aliyesema umekufa aseme aliongopa, na wewe mwenyewe uonekane, pamoja na shahidi aliyekujua utotoni. Mwenyekiti amekubali kuwa shahidi. Alicheka kidogo, akasema amewahi kugonga muhuri wa kukuzika, hatashindwa kugonga wa kukufukua. Kesi itasikilizwa Jumatano ya pili ya mwezi ujao. Hakimu akiridhika, amri hutoka siku hiyo hiyo na cheti kesho yake, kwa hiyo binti atauwahi mtihani. Nimeuliza mara mbili ili niwe na hakika.

Kuhusu mimi, kiapo cha uongo kina kifungo. Msajili anadhani miezi, huenda mwaka, huenda hakimu akaniangalia kwa kuwa nimejileta. Sare za muhula ujao nimeshazikabidhi kwa fundi mwingine. Kiwanja pia huenda kikaulizwa, maana mama alirithi cha mtu aliye hai. Hayo yaache yafike yenyewe.

Jambo moja nataka ulijue kabla hujapanda gari, kwa sababu mbele ya watu sitaweza kulisema. Siku tatu kabla hajafa, mama aliniambia nimsogezee maji, akanywa, akasema: "Yule mtoto nimemsamehe. Lile neno nililomwambia juu ya mwanamke wake nimelifuta. Kama wafu wanasikia, na asikie." Nilikuwa nimeshika kikombe. Barua yako ilikuwa chini ya kichwa chake, maana mto nilikuwa nimempa yeye. Ningeweza kuuchana pale pale. Nikamwambia, anasikia mama.

Kwa hiyo radhi unayo. Alikupa ukiwa marehemu, nami sijui kama radhi ya namna hiyo inamfikia mtu aliye hai, lakini aliitoa kwa kinywa chake na nimeifikisha, miaka mitano na zaidi baada ya wakati wake.

Nisalimie binti kwa kumshika kichwa. Mwambie ana shangazi, na usimwambie zaidi ya hapo hadi akue. Ukishuka kituoni usiutafute mtaa wetu, hutauona. Uliza kwa mwenyekiti, kila mtu anamjua. Yeye atakupeleka makaburini kwanza, nimemwomba hivyo, kisha ndipo mahakamani. Mimi utanikuta huko, benchi la mbele. Kama hutaki kunisalimia, kaa upande wa pili, nitaelewa.

Wako katika damu, aliyekukosea,

Kitinda mimba