Jina Langu Katika Matawi Mawili

Khuwair ya Kusini, Maskati
Alhamisi

Ayeeyo, bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote nataka kujua habari za goti lako. Kwa simu unasema ni zima, lakini hata ulipokuwa ukipanda ngazi kwa kushika ukuta ulisema ni zima, kwa hivyo mwambie mjomba, Abti Yusuf, aniandikie ukweli. Sisi huku tuko salama. Baba bado yuko kwenye ghala la vigae kule Rusayl, na anarudi na vumbi jeupe kichwani mpaka Mama anamwita kikongwe. Joto limeanza, na wakati wa mapumziko shuleni hatutoki nje.

Mimi mwili ni mzima, lakini situlii. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi. Kitabu nilichoazima maktaba ya shule niko ukurasa ule ule kwa siku tatu. Ningekupigia simu, lakini wanijua: ningesema "hatujambo" mara nne kisha nimpe Mama. Basi naandika, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Wasomali wa hapa wanataka kufungua tawi la Jumuiya, ile ile ambayo wewe unashika daftari la wanachama wake wa Mombasa. Ofisi kuu haitoi hati ya tawi mpaka wapatikane watu ishirini. Mwezi uliopita tulikutana Ijumaa baada ya Alasiri nyumbani kwa Mzee Warsame, mwenyekiti, huko Azaiba. Karatasi ilizunguka, majina yakahesabiwa: kumi na tisa. Kisha wote wakageuka kuniangalia mimi, niliyekaa karibu na mlango nikidhani sionekani.

"Una miaka mingapi, adeer?" Mzee akaniuliza. Si wajua wazee wetu, ami anamwita mtoto "ami".

"Kumi na sita."

"Umetosha. Umeandikwa tawi jengine lolote?"

Hapo ndipo nilipokosea, Ayeeyo. Nadhani katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyeisoma katiba yote, na katiba inasema mtu mmoja, tawi moja. Nilijua kwamba siku nilipotimiza miaka kumi na mitano, nilipokuwa bado naishi kwako, uliniandika chini ya jina lako. Baba na Mama walikuwa wameshahamia huku, hawakujua. Lakini kusema "ndiyo" kungetaka maelezo, na maelezo yangetaka nisimame mbele ya watu wote wale. Nikatikisa kichwa. Nikatia sahihi. Bi Asha, Msomali mwenzetu aliyezaliwa Unguja, akapiga kigelegele.

Baada ya wiki mbili ofisi kuu ikajibu kwamba jina moja limeonekana Mombasa na Maskati. Mwenye jina achague kabla mwezi huu haujaisha, na hati isubiri. Mzee Warsame aliisoma barua hiyo mkutanoni.

"Kumbe mtoto huyu anakaa Mombasa na Khuwair kwa pamoja!" Bi Asha akasema. "Nnakuuliza, mwanangu, nguo zako unaanika wapi?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka.

"Ifrah, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

Tulipofika chini ya nyumba yetu akazima gari, akasema, "Bora tungekuwa kumi na tisa wa kweli kuliko ishirini wa uongo." Tangu hapo hajalitaja tena, nami kila akikohoa nadhani anataka kulianza.

Mzee hakunigombeza hata kidogo. Aliniambia tu, "Adeer, sitawajibu mpaka bibi yako asikie kutoka kwako. Lakini mwezi hautanisubiri." Ndiyo maana barua hii anaichukua mpwa wa Bi Asha anayesafiri Jumapili. Sikutaka uione ile ya ofisi kuu kwanza, ukae na daftari lako ukijiuliza mjukuu gani huyu aliyekukana. Kwa sababu nilipotikisa kichwa nilikukana, hata kama sikukusudia.

Nilifikiri nijitoe huku nibaki kwako. Niliandika mpaka ombi lenyewe. Halafu nikamkumbuka mama mmoja Msomali wa jengo la nyuma yetu, aliyelazwa hospitali siku nane na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwa sababu hakuna orodha yoyote inayosema nani yuko wapi. Mama alilia aliposikia. Mombasa mko wengi, na nikitoka mimi hakuna atakayeona pengo ila wewe. Huku nikitoka mimi, hakuna tawi. Nikaichana ile karatasi. Nimechagua Maskati, Ayeeyo, na tangu nichague ndio kwanza sipati utulivu, maana naona kama ndiyo nimehama kweli.

Kesho mkutanoni nitasimama niseme mwenyewe kwamba nilidanganya na nini nimechagua. Nimeandika sentensi nne na nimezihifadhi.

Nisalimie Abti Yusuf, na mwambie kaka huyo wa Mama kwamba dada yake anauliza kwa nini hapokei simu. Nisalimie binti yake Nasra, niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja. Vitabu vyangu asome, lakini asikunje kurasa. Na jirani Bi Mwanaisha anayekuletea mahamri, mwambie asikutie sukari nyingi.

Kwa mujibu wa katiba, jina linafutwa na mwenye kushika daftari, yaani wewe, si mtu mwengine. Ukifika kwenye mstari wangu, nakuomba uukate kwa kalamu ya risasi. Nimeisoma katiba tena leo asubuhi, mara mbili. Hakuna mahali inaposema lazima iwe wino.

Mjukuu wako,
Ifrah