Shimo la Maji ya Mvua

Gisenyi, Jumanne, 1956

Bwana afya ameamuru tufukie shimo letu, eti linazaa mbu. Ndilo linalokusanya maji ya mvua yanayoteremka barabarani. Huwa nayachuja kwa mchanga na makaa, kwa kuwa bomba la mtaa limekauka.

Nilimwomba, “Bwana, mama mkwe wangu hawezi kuinuka. Nikienda ziwani kuteka maji, nani atamgeuza?”

“Ile haiko kazi yangu, mama. Kesho nitarudi kuona.”

Mume wangu yuko safarini na lori. Nikikataa, atafungwa yeye. Nikikubali, mgonjwa nitamwosha na maji gani...

Jioni nimeshika jembe. Mama mkwe akalisikia, akauliza kutoka kitandani, “Mwanangu, unapanda nini?”

“Maharage, mama.”

“Mungu ayanyeshee mvua.”

Nikaitikia amina, nikaendelea kufukia.