Doa la Jiko kwa Cabro

Aguti ndugu yangu, leo nimeaibika wewe!

Ile picha ya nyumba nachorea mzee wa Malaba kwa kompyuta, uwanja niliweka cabro, hizi tofali za kutandika chini, za hapa kwetu Burumba. Nilizipiga picha, nikairudia-rudia hiyo picha moja uwanja mzima, usione mahali zimeungana.

Mzee akaangalia, akaniuliza, "Dada, mbona doa nyeusi kila mahali? Nani anapika kwa uwanja wangu?"

NANI ANAPIKA! Bibi yake akacheka mpaka akalia.

Ni alama ya jiko ya mama, Aguti. Pale alikuwa anatuchomea mahindi. Nimeizoea, sikuiona.

Nikaifuta mbele yao. Ikatoka kila mahali mara moja.

Nimerudi nyumbani. Tangu tumzike mama niko peke yangu hapa. Nimewasha jiko palepale, nimechoma mahindi mbili. Ya pili sijui ni ya nani.